Afande na Wali wa Kwao

Hakula kabla ya kunusa. Aliinua sahani kwa mikono miwili mpaka usawa wa masharubu, akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akaishusha taratibu na kusema neno moja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za injini: "Siyo." Wateja wangu wote waliokuwa kibandani, madereva wa malori, matingo wao, walimu wa shule ya jirani, waligeuka kutazama sahani zao kama vile nimewawekea kitu.

Akishasema hivyo, alikula. Alikula mpaka punje ya mwisho, akanisukumia sahani na kusema, "Niongeze." Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiusifu wali wangu, na sikuwahi kumwona akiinuka bila kuongezwa. Nilimkasirikia kwa yote mawili.

Tulimwita Afande. Alikuwa mwanamaji wa jeshi, akatoka jeshini muda si mrefu baada ya vita vya Kagera, akaja kukaa Kibiti, mji usio na hata bwawa la kuogea bata. Kwao ni kisiwa kimojawapo huko Delta, mto unapoingia baharini, mahali ambapo huwezi kwenda kwa jirani bila kutazama maji yamejaa au yamekupwa. Watu wa kwao walipopita kibandani kwangu walimsalimia kwa adabu, naye aliitikia kwa adabu, lakini akishaondoka walitikisa vichwa na kuniambia, "Mkataa kwao mtumwa." Mwanzoni sikujua kisa. Nilidhani wanamwonea wivu kwa viatu vyake, maana alivipiga rangi kila asubuhi ili vikanyage mchanga.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila mwenye benchi na sufuria alifungua hoteli, na mimi nilikuwa mmoja wao. Malori ya kusini yalisimama Kibiti kabla ya kwenda kupanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu, na dereva anayejua atalala kwenye foleni hula vizuri. Mchele tulioupangia mstari zamani sasa ulijaa madukani, kwenye magunia ya plastiki yenye maandishi ya kigeni. Ulikuwa mweupe, hauna mawe, na haunuki kitu chochote. Nikaupika huo. Wateja wakaufurahia, isipokuwa mmoja.

Pua yake, lazima niseme kweli, ilikuwa pua. Kazi aliyoifanya Kibiti ilikuwa kutengeneza mashine za boti. Zamani hiyo isingekuwa kazi ya kumlisha mtu, lakini ruksa ilileta wanunuzi wa kamba na masanduku yao ya barafu, na kila mwenye nafasi kule Delta akatafuta boti la mashine. Zilipoharibika zililetwa Kibiti juu ya malori kutoka Nyamisati. Afande aliziwasha, akainama kwenye moshi, akanusa. "Hii inakunywa mafuta yenye maji." Au, "Hii imeungua ndani, mwenyewe anaficha." Mwenyewe alikana, akaapa, halafu mashine ikafunguliwa na kukutwa hivyohivyo. Sikusikia hata siku moja kwamba pua ile imekosea, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwa sababu pua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiniambia siyo.

Alikuwa na misemo yake. "Jeshini hakuna labda." Hilo alimwambia kila fundi, kila dereva, hata mganga wa zahanati aliyemwambia labda ni malaria. Alichukia kuchelewa, lakini barua zilizomfikia alizikalia wiki nzima bila kuzifungua. Alikuwa mtu wa Delta ambaye kamba hawagusi. Alisema wana harufu ya boti za wateja wake. Na alikuwa mpiganaji ambaye huwezi kumtoa neno moja la vita.

Hilo la vita liliwaudhi wengi. Mwalimu mkuu alimwalika shuleni siku ya mashujaa, akawaandaa watoto, akawaambia leo mtamsikia mtu aliyeilinda nchi. Mimi nilikwenda kwa sababu ndimi niliyepika chai. Afande alisimama na shati lililonyooka kwa pasi, akazungumza karibu saa nzima. Alizungumzia tope. Alieleza jinsi tope la shamba la mpunga linavyopanda baridi katikati ya vidole vya miguu. Alieleza madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambamo mama na watoto hukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege, na jinsi debe likipigwa dungu moja hujibiwa na dungu la ng'ambo ya mto. Mtoto mmoja akanyoosha mkono na kuuliza kama alimwona adui. Afande akafikiri.

"Niliona maji," akasema. "Lakini nilikuwa nasikia madebe."

Mwalimu mkuu akamshukuru haraka na kuwataka watoto wapige makofi. Mwaka uliofuata hakualikwa. Aliumia, ingawa hakukubali. Aliniambia, "Wanataka bunduki. Bunduki zote zinanuka sawa, bibie. Utawaambia watoto nini hapo?"

Nilikuja kuelewa, kwa kiasi, siku moja ya masika. Barabara ya Ndundu ilikuwa imekatika, malori yamelala, kibandani tupo mimi na yeye na mvua. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo. Akaanza kusema bila kuulizwa.

Wakati wa vita boti lao lilikuwa la doria, huko ziwani. Hofu, alisema, mtu huizoea kama anavyozoea kiatu kinachobana. Kilichomshinda ni yale maji. "Maji mengi vile, bibie, hayana ukingo, halafu hayanuki. Hayana chumvi. Hayajai wala hayakupwi, yapo tu. Kwetu sisi maji yakitoka unajua hata umelala, pua inakuambia." Basi alipokuwa amelala sitahani, dizeli imemjaa puani, alikwenda kupatafuta nyumbani kidogokidogo. Alianza na tope. Akaja kwenye kaa, wanavyogonga magamba yao katika mizizi ya mikoko. Akaja kwenye madebe. Akaja kwenye moshi wa mkandaa, kuni za mama yake, unaoingia kwenye nguo na kukaa humo mpaka nguo ichanike. Wali aliuacha mwisho kabisa.

"Nikiuleta mapema silali," akasema.

Wali huo alikuwa ameula likizo ya mwisho, siku saba kabla ya kupelekwa ziwani. Aliueleza kama watu wanavyoeleza uso wa mtu. Ulikuwa na utamu wa mbali, na chini ya utamu kulikuwa na kitu kama moshi lakini si moshi, kitu kikavu, kizee. "Ile ni mbegu ya mama," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mwaka ule watu walilia njaa, mto ulikula mashamba ya kisiwa kizima, lakini kwa mama kila jioni wali. Siku zote saba."

Maneno hayo niliyasikia vizuri kabisa, nami nikaendelea kuchagua mchele.

Tangu siku hiyo balaa lilizidi, kwa sababu nilifanya kosa la kumwonea huruma. Kila aliyesafiri aliagizwa. Mtu akienda Utete, alete mchele. Akienda Ngarambe, alete mchele. Ukaja mchele wa Ruaruke umefungwa kwenye leso, ukaja mwingine mwekundu ambao aliyeuleta mwenyewe hakujua umetoka wapi. Kila mmoja ulinijia mimi, niupike peke yake kwenye sufuria ndogo, kwa mkaa wangu, saa ile ile ambayo basi la Lindi limeshusha watu. Anainua, ananusa. "Siyo." Na kila mara, niongeze.

Siku moja nikaona nimkomeshe. Nikatia tui zito, nikatia iliki, nikaufunika vizuri, mpaka watu wa barabarani wakageuza shingo. Afande akanusa, akafumbua jicho moja.

"Bibie, unanipikia au unanitania?"

Nikamnyang'anya sahani. Nikamwambia akapike mwenyewe, akaoe, akaajiri mpishi wa jeshi, kwangu asirudi. Kesho yake saa sita na nusu alikuwa pale pale, mikono amenawa.

Sasa nifike kwenye lile la kwao, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipogeuka kuwa hasira ya kweli. Mama yake alifariki yeye akiwa ziwani. Habari ilimfikia arobaini imeshapita. Vita vilipokwisha akaenda kisiwani, akamkuta dada yake, mkubwa wake, ndiye amebaki na nyumba. Dada akampikia. Afande akanusa, akaweka sahani chini.

"Nikamuuliza, mbegu ya mama iko wapi? Akanijibu, imekwisha. Hivyo tu, imekwisha. Kitu mama amekitunza maisha yake yote, na mimi nimekaa nacho kichwani vita vizima, yeye amekila au amegawa kwa wakweze, hajui hata kusema samahani."

Maji yalipojaa akapanda boti, na tangu hapo miguu yake haikukanyaga kisiwani. Zaidi ya miaka kumi. Watoto wa dada yake waliolewa, hakwenda. Dada alituma salamu kwa kila aliyekuja kutengeneza mashine, naye aliitikia salamu na kuishia hapo. Kisha siku moja akaja mwenye boti mmoja, akamwambia mbele yangu, "Afande, dada yako anasema uje. Magoti yamekwisha, hatoki tena nje peke yake. Anasema anataka akuone angali anaona."

Afande alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi. Akasema, "Mwambie alete mbegu kwanza."

Nilitaka kumpiga na upawa. Mimi sina dada. Ninaye aliyekufa mdogo, na ningekula mchele wa gunia la plastiki maisha yangu yote kama ningeitwa naye mara moja. Usingizi ulinipaa kwa hasira. Kulipokucha nikafunga kibanda, jambo ambalo sikufanya hata nilipojifungua, nikapanda lori la Nyamisati. Nilijiambia nakwenda kununua samaki wakavu. Tulipita Ruaruke tukiwa weupe kwa vumbi, na Nyamisati nikaingia kwenye boti la mashine ambalo, kwa harufu yake, hata mimi niliweza kusema linakunywa mafuta yenye maji.

Dada yake alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha mbele. Mwanamke mdogo, mkavu, na pua ile ile. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaniitikia, akauliza habari za safari, akauliza habari za Kibiti, na hakukubali kusikia shida yangu mpaka nimekula. Akaagiza niletewe wali na kamba. Niliunusa kwa siri. Ulikuwa wali tu, mzuri, wa kila siku. Siyo, nikasema moyoni, na nikajichukia kwa kusema hivyo.

Nikamweleza. Kunusa, leso za mchele, madebe, ziwa, yote. Nilipomaliza akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, akanipeleka jikoni. Akaonyesha juu.

Juu ya mafiga, chini ya paa, palikuwa na mafungu ya masuke ya mpunga yametundikwa kwa kamba, meusi kwa masizi. Mbegu ya msimu ujao. Inakaa pale mwaka mzima moshi uipitie, wadudu wasiiguse. Kwetu Mtawanya mahindi ya mbegu tunayatundika vilevile, nimezaliwa na kukua chini yake.

"Teremsha moja," akasema. "Sugua mkononi. Nusa."

Nikasugua, nikanusa. Kulikuwa na utamu wa mbali. Na chini yake kitu kama moshi lakini si moshi, kikavu, kizee.

"Mama hakuwa na mbegu ya ajabu," dada akasema. "Alilima mpunga huu huu wa watu wote. Mwaka ule mto ulikuja vibaya, maji yakalala mashambani mwezi. Humu ndani tulikuwa tunakula ming'oko, mizizi ya porini, nayo ya kuletewa. Mara huyo, mdogo wangu, kaja likizo, viatu vinang'aa. Mama akasema, mwanangu anakwenda vitani, hali mizizi nyumbani kwangu. Akateremsha mafungu. Tulitwangia ndani, kinu tumekitandikia mkeka chini, majirani wasisikie. Siku saba. Alipoondoka, pale juu zilibaki kamba."

Kwetu mtu akisikika amekula mbegu, watu hupunguza sauti wanapomtaja. Hana mwaka ujao. Nilimuuliza mama yao alifanya nini.

"Alizunguka kuomba mbegu. Mkono mmoja kwa huyu, mkono mmoja kwa yule, na wote wakajua maana yake. Kisha homa ikamchukua. Ilikuwa homa, si mbegu, usimwambie vingine."

"Na kwa nini wewe hukumwambia?"

"Mama aliniapisha. Mgeni haambiwi alichopikiwa. Na yeye ameniuliza mbegu iko wapi, nimemjibu kweli. Ilikuwa imekwisha." Akapangusa masizi kidoleni. "Nilidhani ataniuliza la pili. Hakuuliza. Akapanda boti."

Akalifunga lile fungu kwenye kipande cha khanga. Nikamwambia asifanye hivyo, ni mbegu yake, na mtu mwenye magoti yale hana pa kuokota nyingine. Akanitia mkononi kwa nguvu. "Mama alinikataza mimi. Wewe hakukukataza. Mpelekee, mweleze. Ila mwambie apande, asile."

Njia nzima ya kurudi nilipanga nitakavyosema. Nilipanga maneno laini, ya kiutu uzima. Sikuyatumia hata moja.

Alikuja saa sita na nusu. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku tatu, ingawa nilisikia kwamba alikuja kila siku akasimama mbele ya mlango uliofungwa. Akanawa, akakaa. Nikamwekea sahani mezani, na kando yake lile fungu. Akalifungua, akasugua punje kiganjani, akainua kiganja mpaka kwenye masharubu. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka dereva mmoja akanikonyeza.

"Ndiyo," akasema.

Neno hilo nililisubiri kwa miaka, na lilipokuja sikulitaka.

"Ndiyo huu, bibie. Nipikie."

"Sipiki."

"Kwa nini hupiki?"

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa hasira, nimesimama na upawa mkononi, mto na ming'oko na mkeka chini ya kinu vyote kwa pamoja, na dada yake aliyefungwa mdomo na kiapo huku yeye akimwita mlaji wa mbegu. Nilisema mpaka walimu wakaacha kutafuna. Pua yake haikuwa imekosea, nikamwambia, hata siku moja haikukosea. Ila mtu mzima huuliza la pili.

Alitazama punje zilizobaki kiganjani, akazirudisha kwenye kitambaa moja moja, asipoteze.

"Siku zote saba?" akauliza.

"Zote saba."

"Niliomba kuongezwa," akasema. "Kila siku. Nilisema, mama, niongeze. Na aliniongeza."

Hasira yangu yote iliniacha, nikabaki na upawa. Akalifunga fungu, akalitia ndani ya shati, upande wa kifuani, akafunga vifungo mpaka cha juu. Akauliza lori la Nyamisati linaondoka saa ngapi. Nikamwambia kesho alfajiri, sokoni. Akasema atakuwepo.

Kisha akaivuta sahani yake, wali wa gunia la plastiki, na hakuiinua. Alikula akiwa ameinama, polepole, tonge baada ya tonge, mpaka ikawa tupu. Hakunisukumia. Nilingoja. Mwishowe nikafunua sufuria mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, nikachota na kumkaribia.

"Nikuongeze, Afande?"

Akafunika sahani kwa kiganja.